Boksi la picha za filamu ya kale: usilisafishe, usilitume kwa posta

Tangu sisi wa hifadhi ya picha tuwaombe Waswahili walioko Uingereza, hasa wanaohamisha nyumba na kutunza wazee, wasitupe picha za mnato (zisizotembea) za filamu bubu, yaani zisizo na sauti, wanazozikuta darini, simu zimekuwa nyingi. Malalamiko nayo yameongezeka: eti tunaringa, tunakataa vitu kaunta. Walioitikia tunawashukuru. Lakini yapo ya kuwekana sawa.

Picha hizi hazikukatwa kwenye mkanda wa filamu. Tumelisema hili mara nyingi. Alikuwapo mpiga picha wa mnato na kamera yake kubwa; tukio likishachukuliwa, waigizaji husimama tena, naye huwapiga. Ndiyo maana filamu hupotea picha zikabaki. Mfano ni The Mountain Eagle ya mwaka 1926, filamu ya pili ya mwongozaji Alfred Hitchcock, ambayo sehemu zake zilipigwa Obergurgl, milimani Austria. Hakuna nakala inayojulikana kubaki, na mwaka 2010 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, iliiweka juu kabisa kwenye orodha yake ya filamu 75 zinazotafutwa. Hitchcock mwenyewe aliiona mbovu na wala hakuililia. Sisi tunaililia, na sura ya mwigizaji Nita Naldi ndani yake tunaijua kwa picha za mnato tu.

Sasa geuza picha uangalie mgongoni. Mama mmoja alituletea picha kumi na mbili zinang'aa. Alikuwa amezibandua kwenye albamu, akakwangua gundi kwa kisu cha jikoni. Gundi ilitoka, na namba za penseli zikatoka nayo. Namba hizo ndizo zingetuonyesha filamu gani na tukio lipi linatangulia. Tulibaki na watu kumi na mbili wenye kofia.

Ule utando wa rangi ya fedha unaong'aa kwenye sehemu nyeusi si ukungu. Ni madini ya fedha ya ndani ya picha yaliyopanda juu. Usiufute, hata kwa kitambaa kikavu. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu iache na kioo chake. Selotepu hapana. Ukilazimika kuandika, tumia penseli laini, mgongoni, pembeni. Usihifadhi darini wala karibu na hita. Chumba cha kawaida, kabatini, kwenye bahasha zisizo na asidi, kinatosha.

Kuhusu kukataa vitu kaunta: picha za karatasi tunapokea. Tunachokataa ni negativu (filamu ya kamera ambayo picha husafishwa kutoka kwayo) na mikanda ambayo haijakaguliwa, kwa sababu ya nitreti, aina ya filamu ya zamani inayowaka upesi, iliyotengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ikiwaka hujitolea oksijeni yenyewe, hivyo kuifunika hakuizimi. Katika usafirishaji huhesabiwa kuwa bidhaa hatari, daraja la 4.1 (vitu vigumu vinavyowaka), namba UN 1324 katika orodha ya Umoja wa Mataifa; kuitia kwenye bahasha na kuandika "picha" ni kosa. Ukikuta negativu zimegeuka kahawia, zinanata na kutoa harufu kali, usizifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Ziache, piga simu.

Mwisho ni umiliki. Kuwa na picha si kuwa na hakimiliki, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mpiga picha. Mwenye haki asipopatikana baada ya kutafutwa kwa bidii, Ofisi ya Miliki Bunifu ya Uingereza hutoa leseni ya kazi yatima: isiyozidi miaka saba, kwa matumizi ya Uingereza pekee. Anayesambaza mtandaoni kwa makusudi, akijua anavunja haki, anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Na ukipewa boksi na mzee unayemhudumia, ruhusa ya mdomo haitoshi. Mwajiri wako na familia wajulishwe kwa maandishi kabla halijatoka nyumbani. Kwetu utasaini hati ya zawadi nakala mbili, moja ni yako. Wengi huiacha mezani, kisha hupiga simu kuuliza iko wapi.