Alama 83, Lakini Katika Foleni ya Nani?

Mama aliingia ofisini kwangu Ganjoni simu ikiwa mkononi, hata maji hakutaka. "Daktari, hebu tazama." (Huitwa daktari, ingawa sindano sijawahi kuishika. Mimi ni mwanasaikolojia, na kazi yangu kubwa ni kupima watoto waliokwama shuleni.) Kwenye kioo palikuwa na duara la zambarau, na katikati yake namba 83. Mwanawe wa miaka 13 amekaa ukingoni mwa kiti, anatazama viatu vyake. Alikuwa amefanya jaribio la akili mtandaoni baada ya binamu yake kupata 127 na kuitangaza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mzima.

Ile namba niliiacha kwanza. Nikamuuliza mtoto alifanyia wapi. Kitandani, usiku, na bando lilikatika katikati. Picha za maswali mawili hazikufunguka huku saa inahesabu. Maswali yote ya Kiingereza. Kisha, ili waone matokeo kamili, mama akatakiwa alipe. Akalipa.

Watu wengi hudhani IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, ni kama kilo za unga: akili imo kichwani kiasi fulani, unaipandisha mizanini, unasoma. Sivyo. IQ ni nafasi kwenye foleni. Wanaounda kipimo huanza kwa kuwafanyisha watu wengi wa kila rika, waliochaguliwa ili wafanane na jamii yao: wa mjini na wa mashambani, wa wazazi waliosoma na wasiosoma. Wastani wao huitwa 100, na alama hutawanywa kwa vipande vya 15. Ndipo watu kama 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115, na wawili hivi tu huvuka 130. Kwa hiyo nikikwambia mtoto ana 110, maana yake ni kwamba tukiwapanga wenzake wa rika moja kama abiria wanaongoja feri ya Likoni, yeye kasimama mbele kidogo ya katikati. Sijasema zaidi ya hapo.

Basi foleni ya kwenye simu ni ya kina nani? Tovuti nyingi hazisemi. Huenda ni yeyote aliyebofya: mwenye udadisi, mwenye bando, mwenye muda, na wengine wanarudia mara ya tatu wakiwa wameshayakariri majibu. Ukimpanga mtoto wa Kisauni na mhandisi wa miaka 30 aliyeko Toronto, utapata namba kweli, ila haitakuwa IQ ya mtoto huyo. Na mwenye tovuti ana sababu ya kugawa namba nono, maana aliyeambiwa ana 135 hununua cheti na kuwatumia jamaa. Huyu wetu alipata 83, na bado nasema hivyohivyo: kama 127 ya binamu haina foleni, 83 yake pia haina.

Kisha kuna hesabu ya maswali yenyewe. Jaribio lenye maswali 20 linalodai kupima kuanzia 60 hadi 140 limegawanya alama 80 kwa maswali 20, yaani kila swali lina uzito wa alama nne. Swali lenye majibu sita ya kuchagua unaweza kulipata kwa kubahatisha mara moja katika sita. Ukibahatisha mawili ukayapata, umepanda alama nane. Picha mbili zisipofunguka umeshuka nane. Tangu 1910 wanasaikolojia Charles Spearman na William Brown walionyesha kwa hesabu kwamba kipimo kikifupishwa, uthabiti wake hupungua. Kipimo cha Wechsler ninachowapa watoto ofisini huchukua saa nzima na zaidi, kwa sehemu mbalimbali: maneno, vibao vya kupanga, kukumbuka tarakimu, kasi. Hata hicho siandiki namba tupu. Naandika 92, na kando yake kwamba alama yake halisi yaelekea kuwa kati ya 87 na 98 hivi. Tovuti itakayokuandikia pande mbili namna hiyo bado nangoja kuiona.

Nisizidishe lakini. Mtandao si adui. Mwaka 2014 David Condon na William Revelle walichapisha utafiti wa maswali 60 ya kupima akili yaitwayo ICAR, yaliyofanywa mtandaoni na watu karibu 97,000. Hayo yametengenezwa kwa uangalifu na yanawafaa watafiti wanaolinganisha makundi makubwa. Kumwambia mama mmoja kuhusu mwanawe mmoja ni kazi nyingine kabisa.

Na sisi wenye vyeti ukutani tusijitie usafi. Viwango nilivyo navyo kabatini, yaani foleni ninayowapanga watoto wangu, vimetokana na watoto wa Marekani na Uingereza. Hilo hunikosesha usingizi kuliko tovuti zote. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Zambia na wa Uingereza. Walipopewa kalamu na karatasi wanakili maumbo, wa Uingereza waliongoza. Walipopewa waya, wa Zambia wakawapita. Aliyewahi kumwona mtoto wa Likoni akiunda gari la waya, lenye usukani unaogeuza magurudumu, hahitaji kuelezwa. Tena hata foleni yenyewe husogea: watoto wa vijijini Embu waliopimwa kwa mafumbo ya picha yaitwayo Raven mwaka 1984, na wengine wa umri wao mwaka 1998, walitofautiana sana, wa baadaye wakiwa juu. Watafiti walitaja kusoma kwa wazazi, lishe, na familia kuwa ndogo. Katika miaka 14 hakuna damu iliyobadilika.

Alfred Binet, aliyeanza mambo haya Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alikuwa akitafuta watoto wanaohitaji msaada darasani. Basi. Hakuamini kwamba mtoto amezaliwa na namba isiyobadilika, na mwaka 1909 aliwajibu vikali waliosema hivyo.

Nikamgeukia kijana, nikamuuliza shule inamsumbua wapi hasa. Kimya. Mama akataka kumjibia; nikamwomba angoje. Mwishowe akasema kusoma kwa sauti. Herufi humchanganya, darasa likamcheka mwaka juzi, na tangu hapo hanyanyui mkono. Hesabu za kichwani anaziweza, na dukani kwa mjomba wake ndiye anayerudisha chenji. Hayo maneno mawili matatu yamenipa pa kuanzia kuliko lile duara la zambarau.

Nimemwomba mama alete ripoti za shule tangu gredi ya tatu, na ampeleke mtoto kupimwa macho na masikio kwanza. Tutaanza na usomaji, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila lugha peke yake. Kipimo cha akili kitafuata ikiwa kitahitajika. Wanarudi Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mtoto awe amelala vizuri na kunywa chai.