Msumeno wa mnyororo wa bei nafuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetafuta msumeno wa mnyororo wa kutumia nyumbani, ule ambao mafundi wengi huuita chenso, hupewa ushauri kabla hajauomba. Jirani ana lake, muuzaji ana lake, na shemeji aliyeushika mara moja tu ana maneno kuliko wote. Mengi ya maneno hayo yanahusu ukubwa wa mashine. Machache sana yanaugusa mnyororo, ambao ndio unaokata, ndio unaokula pesa baada ya kununua, na ndio unaoamua kama mashine ilikuwa rahisi kweli au ghali.

"Chukua wenye bapa refu, huwezi kujua kesho"

Bapa ni lile pande la chuma ambalo mnyororo unazunguka kingoni mwake. Mtu akiingia dukani macho hutua hapo kwanza, na muuzaji analijua hilo.

Kwa kuni, matawi na mti mmoja mmoja ulioangushwa na upepo, bapa la sentimita 35 hadi 40, yaani inchi 14 hadi 16, linamaliza kazi. Kama ni matawi peke yake, hata 25 au 30 zinatosha. Gogo lenye unene wa sentimita 50 halidai bapa la 50: unakata upande huu, unahamia upande wa pili, mikato inakutana katikati.

Bapa refu likifungwa kwenye injini ndogo, msuguano unaongezeka, mnyororo unapungua kasi, na pampu ndogo ya oili inashindwa kufikisha mafuta hadi nchani. Halafu kuna udongo. Ncha iliyo mbali na macho yako itagusa ardhi bila wewe kujua, na kugusa mchanga kwa sekunde moja kunatosha kuyafanya meno butu. Niliwahi kuwa na bapa la sentimita 50. Nilinoa kuliko nilivyokata.

"Namba kubwa kwenye boksi, nguvu kubwa kwenye mti"

Kwa misumeno ya petroli namba inayopigiwa debe ni cc, ujazo wa silinda. Injini ya cc 30 hadi 45 inatosha nyumba nyingi. Juu ya hapo unabeba uzito, na mkono uliochoka hauendeshi msumeno vizuri.

Stika iliyobandikwa kwenye kifuniko si kipimo. Kwenye misumeno ya bei ya chini sana, isiyo na jina la kueleweka, namba ya stika na injini iliyomo ndani wakati mwingine hazifahamiani kabisa. Fungua kitabu cha maelekezo utafute vipimo viwili: kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa mwendo, kisha kwa 0.785, vyote vikiwa kwa sentimita. Silinda ya milimita 40 yenye mwendo wa milimita 30 hutoa cc 37.7, hata kama stika imeandikwa 58.

Kwa misumeno ya betri, mtego uko kwenye volti. Akiba ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 2.5 ina wati-saa 90. Ya volti 18 yenye ampea-saa 5 nayo ina wati-saa 90 zilezile. Pia usishangae kuona "volti 20" kwenye boksi moja na "volti 18" kwenye lingine, kwa sababu mara nyingi ni betri ya aina moja: 20 ni kipimo cha juu ikiwa imejaa na haijaanza kazi, 18 ni kipimo chake cha kawaida. Hali ni hiyohiyo kwa 40 na 36.

Na bei ikionekana nzuri mno, angalia kama betri na chaja vimo ndani ya boksi. Mara nyingi havimo.

"Wa umeme ni mchezo wa watoto"

Watu husema hivi kana kwamba msumeno wa umeme ulikuja jana. Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wake wa umeme mwaka 1926. Ulikuwa mzito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Mwaka uliofuata ndipo Dolmar, Wajerumani vilevile, walipotoa wa petroli. Umeme ulitangulia.

Kwa mtu mwenye ua wa kawaida na soketi karibu, msumeno wa waya wa wati 1,800 hadi 2,200 ndio mara nyingi unaotoa nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Hauna kabureta ya kuziba, hauna mafuta ya kuchanganya, na baada ya miezi sita kabatini unawaka kama jana. Udhaifu wake ni waya. Wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na waya mrefu mwembamba wa taa hauwezi mzigo huo: umeme unafika umepungua, mota inapata joto, na mwenye mali analaumu kiwanda. Tafuta waya wa kuongezea wenye nyaya za milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 20 hivi, na 2.5 ukizidi hapo. Mvua ikinyesha, kazi inalala.

Wa betri unakufaa zaidi ikiwa tayari una drili au kifaa kingine cha kampuni hiyohiyo na betri zake zinaingiliana. Hapo unanunua kichwa tu, yaani mashine bila betri wala chaja.

Petroli ina nafasi yake: kazi ya siku nzima, au sehemu isiyo na umeme. Sina ugomvi nayo. Ila anayekata mara nne kwa mwaka atatumia muda mwingi kusafisha kabureta kuliko kukata mti.

"Msumeno umechoka, haukati tena"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huuza misumeno mizima, au huinunulia plagi na kabureta mpya, kumbe meno yamekufa.

Msumeno wenyewe unasema. Tazama kinachotoka kwenye mkato. Vipande vidogo vinene maana yake mnyororo una makali. Unga mwembamba kama wa kusaga maana yake ni butu. Dalili nyingine iko mikononi: mnyororo mkali unajivuta ndani ya mti kwa uzito wa mashine tu. Ukianza kukandamiza, acha, zima, chukua tupa, kile chuma cha kunolea.

Jino la mnyororo halikwangui mti. Linabandua, kama randa ya seremala. Mmarekani Joseph Buford Cox ndiye aliyeleta umbo hilo mwaka 1947, baada ya kumtazama buu wa mdudu akitafuna gogo kushoto na kulia kwa taya zake. Meno ya mnyororo wako yamepangwa vivyo hivyo, moja kushoto, moja kulia, na mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachoamua jino liingie kina gani.

Kunoa kunahitaji tupa ya duara yenye kipenyo sahihi. Kwa minyororo mingi midogo ya nyumbani ni milimita 4.0, na kwa mikubwa kidogo 4.8. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, usirudishe tupa kwa kusugua. Fuata mstari wa pembe uliochongwa juu ya jino, ambao kwa kawaida ni nyuzi 30. Mara mbili au tatu kwa kila jino, idadi ileile kwa yote. Ukiyapa meno ya kulia mara tano na ya kushoto mara mbili, msumeno utakata kwa kupinda kama mlevi anayerudi nyumbani.

Kila baada ya kunoa mara nne au tano, pima kile kinundu. Kwa minyororo mingi kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa takribani milimita 0.65. Kikiwa juu mno, jino halifiki kwenye mti hata liwe kama wembe. Ukikishusha kupita kiasi, msumeno unang'ang'ania na kurukaruka, na hilo ni hatari. Tupa iliyo tambarare ya kushushia kinundu na kipimo chake ni vitu vya bei ndogo, na kwangu mimi vinatakiwa kununuliwa siku ileile ya msumeno.

Siku ya kubadilisha mnyororo ikifika, usiende dukani ukasema "nipe wa inchi 14". Kuna vipimo vitatu vinavyotakiwa kulingana: hatua, ambayo ni umbali kati ya ripiti tatu zinazofuatana (vile vijipini vinavyounga vipande vya mnyororo) ukigawa kwa mbili, unene wa vijino vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa bapa, kama milimita 1.1, 1.3 au 1.5, na idadi ya vijino hivyo. Bapa la sentimita 35 la kampuni moja huchukua vijino 50, la nyingine 52. Kwa kawaida namba hizi zimechongwa kwenye bapa, karibu na mwili wa mashine. Zipige picha ukae nazo.

"Oili ni oili"

Msumeno wa petroli unatumia oili mbili zisizohusiana. Moja inachanganywa na petroli, kwa sababu injini ya mipigo miwili haina sehemu ya kuhifadhi oili yake. Nyingine inakwenda kwenye mnyororo. Misumeno mingi ya sasa hutaka mchanganyiko wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli. Mingine hutaka 40 kwa 1, ambayo ni mililita 25, au 25 kwa 1, ambayo ni 40. Fuata kitabu cha mashine yako. Kuongeza oili "kwa usalama" kunaleta moshi na masizi kwenye plagi na sailensa. Kupunguza kunaua pistoni. Changanya kiasi cha kutumia ndani ya mwezi mmoja, na kabla ya kuhifadhi, mwaga tangi, kisha washa mpaka izime yenyewe.

Wenye misumeno ya umeme na betri hudhani haya hayawahusu. Ya petroli hayawahusu, ya mnyororo yanawahusu sana. Jaza kitangi cha oili ya mnyororo, ielekeze ncha karibu na ubao mweupe, endesha kidogo: ukiona mstari wa matone, mafuta yanafika. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isiingie humo. Ina chembe za chuma zinazosaga pampu, na hurushwa hewani hadi kwenye ngozi na nguo zako. Mafuta ya mimea yanafanya kazi, ila yakikaa muda mrefu hugeuka gundi.

Ukikuta doa la oili chini ya msumeno uliohifadhiwa, si lazima uwe mbovu. Karibu yote huvuja kidogo.

"Mdogo hauna hatari"

Mnyororo wa petroli hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Ya umeme mingi iko chini kidogo ya hapo, lakini nyama haijui tofauti.

Hatari kubwa ni teke. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu, mnyororo unakwama na bapa linarushwa juu kuelekea usoni kwako, kabla ubongo haujapata habari. Ndiyo maana breki ya mnyororo, kile kingao kilicho mbele ya mkono wa kushoto, si pambo. Msumeno usio na breki inayofanya kazi usiununue hata ukipewa kwa nusu bei. Ijaribu dukani: sukuma kingao mbele, mnyororo usisogee.

Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani zinazojizungusha kwenye mnyororo na kuukwamisha. Kinga ya masikio nayo ni lazima, kwa kuwa msumeno wa petroli huvuka desibeli 100, na masikio huanza kuumia kwa kelele ya muda mrefu kuanzia 85 hivi. Ongeza miwani, glavu na viatu vigumu. Hesabu hivi vyote ndani ya bajeti ya msumeno. Kama pesa haitoshi vyote viwili, shusha daraja la mashine.

Kuwasha kwa kuuangusha hewani huku ukivuta kamba kunapendeza kwenye video. Uweke chini, breki ikiwa imefungwa, mguu kwenye mpini wa nyuma, ndipo uvute. Wa betri hauna kamba wala mngurumo wa kukuonya: toa betri kabla ya kuugusa mnyororo.

"Uliotumika ni kujitafutia matatizo"

Si lazima. Msumeno wa kampuni yenye vipuri, uliotumiwa na mtu mwangalifu, unaweza kuushinda mpya usio na jina ambao spoketi yake, gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, haipatikani popote. Swali la kwanza kwa wote wawili ni lilelile: plagi, chujio, kamba ya kuwashia na spoketi vinapatikana wapi?

Kisha kagua. Tazama mfereji wa bapa: kingo zikiwa zimepanuka au upande mmoja umelika kuliko mwingine, bapa limekwisha, nawe punguza bei ipasavyo. Omba uwashe ukiwa wa baridi. Muuzaji aliyeupasha joto kabla hujafika ana sababu zake. Mwisho, akikubali, fungua skrubu za sailensa na umulike ndani kwa tochi. Pistoni nzuri inang'aa na ni laini. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima, huenda injini hiyo iliwahi kunyweshwa petroli isiyo na oili. Rudishia skrubu, mshukuru mwenyewe, uage.