Mwalimu, anza na ukuta wa darasa

Likizo ya Agosti ikifika, mimi na wanajiolojia wenzangu huwapokea Nairobi walimu wa sekondari msingi kutoka mashinani. Wengi hutarajia kurudi na sanduku la mawe yaliyobandikwa majina. Mimi silipendi sanduku hilo. Likifika shuleni hufungiwa kabatini, na mwanafunzi huamini jiolojia ni mambo ya kwingine.

Ndiyo maana somo letu la kwanza huwa ukutani. Majengo mengi ya hapa yamejengwa kwa mawe ya kijivu ya kuchonga, kama yale ya Ndarugu, upande wa Juja. Yatazame kwa lenzi: ni jivu la volkeno lililoshikamana likawa mwamba.

Mwalimu wa Kitui atasema kwao hakuna mawe hayo. Sawa. Kwao kuna miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, na mchanga wa mtoni unaometameta hadi watoto wanadhani wameokota dhahabu. Ni ulanga, madini ya matabaka membamba yanayong'aa. Dhahabu ukiigonga hubonyea. Ulanga hubanduka kwa ukucha, ganda baada ya ganda, jembamba hadi mwanga unapenya. Na lile jiwe jeupe kando yake, ambalo msumari unateleza juu yake bila kuacha alama, aghalabu ni kwatzi. Maabara yenyewe ndiyo hiyo, msumari na ukucha.

Swali lisilokosa kila mwaka ni la ufa wa Mai Mahiu, uliokata barabara ya kwenda Narok Machi 2018. Je, Afrika inapasuka? Inapasuka, ila Bonde la Ufa hupanuka milimita chache tu kwa mwaka. Shimo lile lilitokea baada ya mvua kubwa, na mimi niko upande wa wanaoona kwamba maji ndiyo yaliyolifukua. Ardhi ya pale ina jivu jingi la volkeno lisiloshikamana. Maji hulibeba chini kwa chini, yakaacha uwazi, kisha udongo wa juu ukaporomoka. Kama nyufa za kale ziliyaonyesha maji njia, hapo wataalamu bado wanavutana.

Tunaliigiza kwa karai lililotobolewa ubavuni: jivu la jikoni chini, udongo wa mfinyanzi juu, maji yanamiminwa taratibu. Kwa muda hakuna kinachoonekana ila tope la kijivu linalotoka tunduni. Halafu udongo unatumbukia ghafla, na walimu wazima wanapiga kelele kama Gredi ya 7.

Tunamalizia Olorgesailie, eneo la mabaki ya binadamu wa kale, njia ya Magadi. Ondokeni alfajiri, jua la kule halina huruma. Tabaka nyeupe za diatomaiti, mwamba laini wa magamba ya mwani wadogo mno, ni mabaki ya ziwa la kale, na mashoka ya mawe yamelala palepale yalipopatikana. Kila mara kuna mwalimu anayetaka kubeba moja akafundishie. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 hairuhusu. Piga picha, mwalimu.