Kutulia kwa dawa si kipimo cha ADHD

Kuhusu ADHD, yaani hali ya ubongo ya kukosa umakini na utulivu, hata maofisini huku Mtumba, Dodoma, utasikia: "Mtu mzima akimeza methilifenideti, dawa ya ADHD, akatulia, basi ana ADHD, asiye nayo angepagawa." Si kweli. Dawa hiyo huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, zisirudishwe upesi ndani ya seli za neva, na hufanya hivyo kwa ubongo wa yeyote. Mwaka 1978, huko Marekani, daktari wa akili Judith Rapoport na wenzake waliwapa deksitroamfetamini, dawa nyingine ya kundi hilo, wavulana wasio na tatizo lolote: wakapunguza kuhangaika, wakawa makini zaidi. Walikuwa watoto, sawa, lakini dhana ilitikisika hapohapo. Daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoendelea hadi leo, kama vile kuacha ripoti za kazi nusu. Tena wapo wenye ADHD ambao methilifenideti haiwasaidii kabisa.