Handaki la Istanbul halikuwa zawadi

Juzi jioni barazani Ngamiani, muuza kahawa bado anasuuza vikombe, mzee mmoja alitamka: "Wakorea waliwachimbia Waturuki njia chini ya bahari, bure. Sisi nani anatukumbuka?" Watu wakaitikia. Mie kashata ikanishinda kumeza.

"Ni msaada." Thubutu! Handaki la Eurasia la Istanbul, barabara ya kilomita 5.4 inayopita chini ya mlango-bahari wa Bosphorus, lilifunguliwa Desemba 2016, na fedha nyingi zilizolijenga ni za mkopo. K-Exim, benki ya serikali ya Korea Kusini, ilikopesha, na K-Sure, shirika lao la kudhamini mikopo, nalo likaingia na dhamana, kwa kuwa kampuni ya kwao, SK, ilishirikiana na Yapı Merkezi ya Uturuki kwenye mradi huo. Serikali inamtafutia fundi wake kazi. Uingereza ina ofisi ya shughuli hiyo tangu 1919.

"Serikali ikidhamini, imetoa pesa." Hapa wengi hupotea. Chukua sukari dukani kwa mkopo, mjomba aseme, "Asipolipa, nidai mimi." Mjomba hajatoa hata senti, na deni ni lako. Akilazimika kulilipa, atakufuata wewe. Ila mjomba hatozi kitu. Mashirika haya yanatoza ada ya bima, na nchi ikitiliwa shaka kwamba haitalipa, ada inapanda. Mara nyingi ada hiyo huingizwa humo humo kwenye mkopo, anayekopa ndiye anayeibeba.

"Mradi ukiwa wa kampuni binafsi, mwananchi haumgusi." Uturuki iliwaahidi wenye mradi magari 68,500 kwa siku handakini; yakipungua, hazina inafidia. Mwaka wa kwanza yalipungua. Hazina ikafidia.

"Kwetu hayajafika." Februari 2020 Tanzania ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 na Standard Chartered kwa ajili ya reli ya kisasa, SGR, mashirika ya dhamana ya Denmark na Sweden yakiwa nyuma yake. Na aliyepewa kazi ya kujenga kutoka Dar hadi Makutupora ni Yapı Merkezi huyo huyo, pamoja na mahandaki ya Kilosa.

Mzee ameshaipanda hiyo treni mpaka Dodoma. "Lile giza la Kilosa?"

"Ndilo, babu."

Akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha kikombe kiongezwe. "Andika, Ijumaa nalipa."

"Na mdhamini?" akauliza muuza kahawa, dele mkononi.

Baraza zima likanigeukia mimi.