Sasa hii ni dawa ya nini?

Wiki mbili zilizopita alinijia mzee mmoja akiwa na kopo la unga wa trifala, dawa ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India. Nikamwamkia, akaitikia, akaliweka kopo mezani, akavaa miwani na kunisomea maandishi ya nyuma polepole: kufunga choo, macho, unene, vidonda, kisukari, ngozi, mafua sugu. Alipofika mwisho akavua miwani. "Sasa, mwanangu daktari," akaniuliza, "hii ni dawa ya nini?"

Swali hilo naulizwa karibu kila siku: na wagonjwa, na wauguzi, na mfamasia wa jirani yangu ambaye hakubali kirahisi. Nimeamua kulijibu kwa urefu. Ukisema ni dawa ya yote hayo, umedanganya. Ukisema basi si dawa ya chochote, hapo pia hujasema kweli.

Nilisomea Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Mji huo una chuo kikuu cha Ayurveda kilichoanzishwa mwaka 1967. Shahada yetu huchukua miaka mitano na nusu, na mwaka wa mwisho ni wa mafunzo ya vitendo wodini na kwa wagonjwa wa nje. Katika mwaka huo, asubuhi moja nilikaa ubavuni mwa mwalimu wangu, na ndani ya saa mbili nikamwona akiandika trifala mara nne.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Choo hakijatoka siku tatu, tumbo limejaa, ulimi una utando mzito. Akaandikiwa kijiko cha chai cha unga, maji ya moto, kabla ya kulala. Wa pili alikuwa mwenye duka, mnene, anayeshikwa na usingizi kila akimaliza kula. Akapewa unga ule ule, ila yeye aule asubuhi kabla ya chakula, na aukoroge kwa asali. Wa tatu alikuwa mama mwenye kidonda mguuni, kinatoa majimaji na harufu. Huyu hakupewa chochote cha kunywa. Trifala ilichemshwa, ikachujwa, na maji yake yakawa ya kuoshea kidonda kila siku kabla ya kufunga bandeji. Wa nne, msichana fundi cherehani, macho yake yalikuwa mekundu, yanawasha na kujaa tongo. Muuguzi akamwosha macho kwa maji ya trifala yaliyochemshwa, yakachujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nyingi, yakaachwa yapoe kabisa. (Tafadhali, hili la macho usilijaribu nyumbani kwa chujio la chai. Chembe moja ya unga au maji yasiyo safi yanaweza kukuharibia jicho.)

Nilipomwuliza mwalimu inakuwaje magonjwa manne yapewe dawa moja, naye akaniuliza: "Wale wanne walifanana nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata baadaye, nilipoacha kutazama majina ya magonjwa. Kwa dereva, uchafu umekwama tumboni. Kwa mwenye duka, mafuta na uzito vimejikusanya mwilini. Kidonda cha yule mama kinavuja, macho ya msichana yanavuja. Kote kuna kitu kizito, chenye unyevu, kilichokaa mahali pasipo pake na kinachotakiwa kiondoke. Mganga wa Ayurveda anaiandikia dawa hali hiyo. Jina la ugonjwa humsaidia kufika kwenye hali, kisha hushika njia nyingine.

Trifala maana yake ni matunda matatu: haritaki, bibitaki na amalaki, yaliyokaushwa na kusagwa kwa kiasi sawa. Mawili ya kwanza ni ndugu wa mkungu wetu wa pwani. Kama utotoni uliwahi kutafuna kungu bichi, unaujua ule ukakasi unaokausha mate na kufanya ulimi ukwaruze. Ukakasi huo ni ladha kamili katika Ayurveda, sawa na utamu, uchachu, chumvi, ukali na uchungu. Ladha hizo sita ndizo herufi tunazosomea dawa. Utamu hujenga na kulainisha. Ukali kama wa pilipili huwasha moto wa tumbo na kuyeyusha. Ukakasi hukaza na kukausha. Zaidi ya ladha tunauliza kama dawa ni nzito au nyepesi, ni kavu au ina mafuta, inapasha mwili moto au inaupoza, na ikishasagwa tumboni inageuka kuwa nini. Dawa inayokausha, inayokwangua na kusukuma uchafu chini itafanya kazi hiyo tumboni, na ukiiweka juu ya kidonda itafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Neno tunalotumia kwa dawa za unene kwa Kisanskriti ni lekhana, na sijaona tafsiri inayolifaa kuliko kukwangua, kama mtu anavyokwangua ukoko wa sufuria.

Anayependa maelezo ya maabara naye ana cha kushika. Matunda haya yana tanini nyingi, na tanini hukaza nyama ya kidonda na kupunguza majimaji. Mimi sioni ugomvi kati ya maelezo hayo mawili.

Upande wa pili wa jambo hili huwashangaza watu zaidi: ugonjwa mmoja kupewa dawa tatu tofauti. Chukua maumivu ya magoti. Sisi waswahili tunayaita baridi yabisi, na wengi hatuyafikirii maneno hayo mawili. Yabisi ni kavu. Jina lenyewe limetoka kwenye tiba ya zamani iliyopima mwili kwa baridi na joto, ukavu na unyevu, ikafika pwani pamoja na Kiarabu. Na Charaka, ambaye kitabu chake, Charaka Samhita, ni kati ya nguzo za Ayurveda, anapozitaja sifa za vata, ile nguvu ya mwendo mwilini, anaanza na ukavu, halafu ubaridi. Nilipousoma mstari huo darasani nilikumbuka nyumbani, nikaandika pembeni ya daftari: baridi yabisi.

Ila si kila goti linalouma ni baridi na kavu. Kuna goti la mzee linalolia kwa-kwa-kwa akipanda ngazi, limekauka, likipata joto na mafuta linatulia. Hilo hupewa mafuta ya ufuta ya kuchulia, samli kwenye chakula na dawa za kulainisha. Kuna goti jingine limevimba, zito, mgonjwa akiamka asubuhi viungo vimekaza kama vimefungwa kamba, hana hamu ya kula, ulimi mweupe. Hapa tunasema chakula hakikusagwa vizuri, kikaacha mabaki yanayonata yaliyoingia kwenye viungo. Ukimchua huyu kwa mafuta unamwongezea unyevu na mnato, na usiku hatalala kwa maumivu. Yeye hukandwa kwa joto kavu, mchanga uliopashwa moto na kufungwa kwenye kitambaa, hupunguziwa chakula, hupewa tangawizi na mafuta ya nyonyo. Wa tatu ana kiungo chekundu kinachowaka, hata shuka likigusa anaruka. Huyo dawa zake hupoza na kusafisha damu, kama mmea uitwao guduchi, au gugulu iliyochanganywa kwa namna hiyo. (Gugulu ni utomvu wa mti ulio ukoo mmoja na manemane.) Wote watatu wataingia mlangoni kwangu wakisema, "Daktari, nina baridi yabisi."

Ndiyo maana Charaka anamwambia tabibu asione haya akishindwa kuutaja ugonjwa kwa jina, kwa kuwa si magonjwa yote yenye majina maalumu. Januari 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya misimbo ya magonjwa kwa ajili ya tiba za jadi za Ayurveda, Sida na Unani. Nimeifurahia, maana bila majina huwezi kuhesabu wagonjwa. Dawa, hata hivyo, bado nitaiandika kwa kushika mkono, kutazama ulimi na kuuliza choo kilitokaje.

Kisha kuna anupana, yaani kile kinachoipeleka dawa. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kwanza dawa ikishaingia dukani. Chukua haritaki peke yake. Vitabu vyetu vinasema ukiila na chumvi ya mawe inatuliza kafa, yaani uzito na makohozi. Ukiila na sukari inatuliza pita, moto wa mwili. Na samli inatuliza vata. Hata majira yana mwenziwe: wakati wa mvua huliwa na chumvi ya mawe, baridi inapoanza huliwa na tangawizi, majira ya machipuko na asali, kiangazi na sukari guru. Tunda halikubadilika. Kilichobadilika ni mchukuzi wake, na njia inayopitia. Saa nayo ni sehemu ya dawa. Iliyokusudiwa kusukuma uchafu wa chini huliwa kabla ya chakula au wakati wa kulala. Iliyokusudiwa kuwasha hamu ya kula yaweza kuchanganywa na tonge la kwanza la wali. Kwa hiyo karatasi mbili zinaweza kuandikwa "haritaki gramu 3" na zikawa ni tiba mbili tofauti kabisa.

Nirudi kwenye lile kopo. Orodha ndefu ya magonjwa haikubuniwa na mwenye kiwanda. Katika vitabu vya kale kila dawa ya mchanganyiko humalizika na kipande kiitwacho falashruti, habari za matunda yake, ambacho kinataja magonjwa ambayo dawa hiyo ilionekana kufaa. Sisi tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Mti wa nimba ulipofika kwetu kutoka India tuliuita mwarobaini, kwa imani kwamba unatibu magonjwa arobaini. Lakini falashruti iliandikwa kwa ajili ya tabibu ambaye tayari amemkagua mgonjwa. Kwake ni ramani ya mahali hali hiyo moja inapoweza kujitokeza. Ukiing'oa pale ukaibandika kwenye kopo, au ukaisambaza kwenye simu, inageuka ahadi kwa kila mtu.

Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaki kuficha. Mwaka jana alikuja mama mwenye kisukari akiwa na mfuko wa makopo saba aliyonunua kupitia matangazo ya simu. Nilipoyapanga mezani na kusoma viungo, matatu yalikuwa na trifala ile ile. Moja lilimwelekeza ale dawa na asali mara mbili kwa siku. Vidonge vyake vya hospitali alikuwa ameviacha miezi miwili, kwa sababu kopo lilisema linatibu kisukari. Sukari yake siku ile ilikuwa juu kiasi kwamba sikuandika chochote. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. India yenyewe ina sheria tangu 1954 inayokataza kutangaza dawa za kutibu magonjwa kadhaa, kisukari na kansa yakiwemo. Waliotunga sheria ile waliyajua madhara ya orodha.

Na "ya asili" hakumaanishi "salama". Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani huko Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Urukususu, mzizi mtamu ambao tunautumia kwa vidonda vya tumbo na kwa koo, ukitumika sana hupandisha presha na kushusha potasiamu. Pilipili manga tunaiweka katika dawa nyingi kwa sababu husaidia nyingine zifyonzwe, na kwa sababu hiyo hiyo inaweza kupandisha kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa ya hospitali, kwenye damu ya mtu mwenye kifafa. Dawa yenye nguvu ya kufanya kazi mahali pengi ina nguvu ya kudhuru mahali pengi. Ndiyo maana kabla sijakushika mkono nitakuomba unioneshe kila kidonge unachomeza, hata vile unavyoona aibu kuvitaja.

Yule mzee nilimwambia aliweke kopo pembeni kwanza. Alikuwa amefunga choo kweli, kopo halikukosea. Lakini choo chake kilikuwa kama cha mbuzi, vipunje vikavu. Ngozi ya mikono ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, amekonda, usingizi haupatikani, magoti yanalia. Huyu alikuwa amekauka mwili mzima, na trifala tupu, kwa ukakasi wake, ingezidi kumkausha. Kwa kuwa hali hiyo ilimwanza ghafla na umri umekwenda, nilimtuma kwanza hospitali wakamchunguze utumbo. Majibu yakaja safi. Ndipo nikamwandikia kikombe cha maziwa ya moto na kijiko cha samli kila usiku, supu badala ya mihogo mikavu, na mkewe amchue miguu kwa mafuta ya ufuta kabla ya kuoga.

Juzi alipita barabarani akanipungia mkono. "Choo kimefunguka," akasema kwa sauti, watu wote wakasikia. Kisha akauliza lile kopo lake. Nimemwekea rafuni. Mvua zikija, akianza kuwa mzito na kukohoa makohozi kama anavyosema huwa kila mwaka, tutalifungua na kutazama tena.