Logi kujaa IP za nje haimaanishi umehakiwa
Hapa Tabora wengi wenye websaiti, wauza asali na wengineo, wanaamini ukifungua logi ya hosting (rekodi ya kila anayeigonga saiti) ukakuta IP za nje, yani anwani za kompyuta za nchi nyingine, zinagonga wp-login.php, ukurasa wa kuingilia saiti za WordPress, basi saiti ishahakiwa, yani imedukuliwa. Hofu inaeleweka, ila mara nyingi ni boti tu, programu zinazojiendesha, zinapita kila saiti hata isiyotumia WordPress (mfumo wa kutengenezea websaiti), na kwa saiti kama hiyo utaona jibu la 404 yani hakuna kitu. Cheki mwenyewe, ingia cPanel (paneli ya kusimamia hosting), Raw Access, shusha faili la .gz ulifungue, tafuta mistari ya POST (hapo mtu au boti katuma paswedi) kwenye wp-login.php, kisha ona namba ya jibu: 200 kwa kawaida paswedi imekataliwa, 302 ndo ya kuikazia macho maana hapo kwa kawaida mtu kaingia. Ila angalia na saa, 05:10 +0000 (saa ya UTC, iko nyuma ya yetu kwa saa 3) huku kwetu ni saa 2 na dakika 10 asubuhi, huenda ulikuwa wewe mwenyewe dukani.